Wafikao na Waliomo: Maneno ya Kupimia Uwezo wa Programu

Programu ya kompyuta itumiwayo na watu wengi hupimwa kabla ya kukabidhiwa wenyewe, ili ijulikane kama itahimili wingi wa kazi. Kipimo hicho huandikwa kwa lugha mahsusi, yaani lugha ndogo iliyotungwa kwa shughuli moja tu. Mwandishi hutaja watumiaji ni wangapi, watafanya nini, na jawabu lipatikane kwa muda gani. Namna ya kuyatimiza hayo huiachia mashine. Ugumu wa kutunga lugha hiyo hauko sana katika ufundi, bali katika maana za maneno.

Yafaa kutazama ununuzi wa mahindi mjini Sumbawanga wakati wa mavuno, maana Ufipa ni nchi ya mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huyanunua huko. Wakulima huja kutoka vijijini kwa wakati wao. Karani wa mizani akikawia, hawaachi kuja, foleni yarefuka. Makuli wapakuao magunia si hivyo. Wakiwa kumi hubaki kumi, na kila mmoja hulifuata gunia jingine baada ya kulitua la kwanza. Mizani ikisimama, nao husimama.

Lugha ya kupimia ikiwaita wote “watumiaji”, kipimo chaweza kudanganya. Kilichoandikwa kwa mfano wa makuli hupunguza mwendo wake chenyewe programu inapolemewa, kikaleta habari njema. Kisha wafikapo wakulima, programu yaanguka. Bianca Schroeder, Adam Wierman na Mor Harchol-Balter walionyesha mwaka 2006 jinsi namna hizi mbili zitoavyo matokeo ya mbali mbali, hata mzigo ukiwa sawa. Gatling, chombo kimoja cha kupimia, kina amri za namna mbili: moja huhesabu waingiao kila sekunde, nyingine waliopo kwa wakati mmoja.

Mwaka 2004, kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizaa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Kazi ile ilihitaji hasa majina ya vitu na amri, na kwa hayo “mtumiaji” latosha. Hapa halitoshi, wala hakuna haja ya kukopa jingine, kwani sarufi yenyewe yatenganisha: wafikao hutaja tendo la kuja, na waliomo, kwa kiambishi -mo, hutaja hali ya kuwa ndani. Neno lisumbualo zaidi ni “mzigo”, litumikalo kwa kazi iletwayo na kwa kulemewa kwake aipokeaye pia.