Pesa ya Simu Bondeni Kilombero: Waliotangulia Walipitia Nini

Huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu ya mkononi iliingia Tanzania mwaka 2008. Vodacom ilianzisha M-Pesa mwezi Aprili mwaka huo, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuizindua Kenya. Zantel ilikuwa na Z-Pesa, Zain ikaleta Zap mwaka 2009, na Tigo ikafuata na Tigo Pesa mwaka 2010. Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, huduma hizo zilikuta tatizo la siku nyingi: watu wa familia moja hutenganishwa na mto, matope na majira ya kilimo, na pesa inayohitajika huku mara nyingi iko kule.

Bonde na umbali wake

Ifakara, mji mkuu wa bonde hilo, uko takribani kilomita 400 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Mikumi na Kidatu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita kandokando ya bonde na kuunganisha Mang'ula, Ifakara, Mngeta, Chita na Mlimba. Ng'ambo ya Mto Kilombero ziko Ulanga na Malinyi. Mpaka Daraja la Magufuli lilipokamilika, magari na abiria wa upande huo walivuka kwa pantoni, na mto ukifurika safari ilisubiri.

Mpunga ndio unaopanga kalenda ya bonde. Msimu wa kilimo unapofika, kaya nyingi huhamia mashamba ya mbali yaliyo kwenye nyanda za mafuriko, hukaa humo miezi kadhaa kwenye madungu na vibanda vya shambani, huku watoto wa shule wakibaki kijijini na bibi au shangazi. Pesa huhitajika kwa vibarua wa kupalilia, kwa daftari la mtoto, na kwa dawa ya mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Mavuno yakitoka, wafanyabiashara huja na fedha nyingi kwa wakati mmoja, kisha miezi mirefu ya ukata hufuata.

Kabla ya 2008 pesa zilisafiri kwa njia chache. Bahasha ilikabidhiwa dereva au kondakta wa basi, ikiwa na jina na namba ya simu ya mpokeaji. Ndugu aliyekuwa anasafiri alibebeshwa. Wengine walikwenda posta au benki, ambazo kwa mtu wa kijijini zilimaanisha nauli na siku nzima barabarani. Simu zilipoenea, palizuka njia nyingine: mtu wa mjini alinunua vocha ya muda wa maongezi, akamsomea ndugu yake tarakimu zake kwa simu, na ndugu akaiuza vocha hiyo dukani kwa bei pungufu kidogo. Muda wa maongezi ulikuwa umeshafanywa pesa kabla kampuni hazijaleta huduma yenyewe.

Mwanzo mgumu

Licha ya haja hiyo kubwa, Watanzania hawakuikimbilia huduma mpya mara moja. Miezi 14 baada ya kuzinduliwa, M-Pesa ya Tanzania ilikuwa na watumiaji wapatao 280,000 na mawakala wapatao 930. Katika muda kama huo, Kenya ilikuwa imefikia watumiaji milioni 2.7 na mawakala karibu 3,000.

Sababu zilikuwa kadhaa. Safaricom ilishika sehemu kubwa mno ya soko la simu la Kenya, ilhali Vodacom iligawana wateja wa Tanzania na washindani wenye nguvu, hivyo mtumaji hakuwa na hakika kama mpokeaji wake yuko mtandao uleule. Nchi ni kubwa, vijiji vimetawanyika, na wakala wa mbali alitumia muda mwingi kufika benki. Juu ya hayo, watu walikuwa bado hawajaelewa vizuri huduma hii ni ya kazi gani.

Waliotangulia kujiunga walibeba mzigo wa majaribio hayo. Ilibidi wajifunze kubonyeza *150*00#, kufuata orodha ya maelekezo, kuandika namba ya mpokeaji bila kukosea hata tarakimu moja, kisha kuweka namba ya siri. Asiyejua kusoma alimtegemea mtoto au wakala, na hivyo siri ya namba yake ikaishia kwa watu wawili au watatu. Pasipo na umeme, simu ilipelekwa kwenye duka lenye jenereta au sola ili ichajiwe kwa malipo. Aliyekuwa na laini bila simu aliazima simu ya jirani, akaweka laini yake, akasoma ujumbe wake, akairudisha.

Swali la kwanza la wengi lilihusu uaminifu: noti alizokabidhiwa wakala ziko wapi, ikiwa ndani ya simu hakuna kitu cha kushika? Kwa kanuni za huduma hii, kampuni ya simu hulazimika kuweka benki, katika akaunti ya amana, fedha taslimu zinazolingana na salio lote la wateja. Mwanakijiji hakuiona akaunti hiyo. Alichokiona ni ujumbe mfupi ulioingia papo hapo na noti alizohesabiwa mezani, na imani ikajengeka muamala kwa muamala.

Wakala, floti na daftari

Kwa mtumiaji wa kwanza, wakala ndiye aliyekuwa sura ya huduma nzima. Kwa kawaida alikuwa mwenye duka la rejareja, duka la dawa au kibanda cha vocha, mtu anayefahamika mtaani. Kazi yake inahitaji mitaji miwili: fedha taslimu za kuwapa wanaotoa, na floti, yaani pesa iliyomo kwenye laini yake ya uwakala, ya kuwapa wanaoweka. Mteja akiweka shilingi 50,000, floti ya wakala hupungua kwa kiasi hicho na noti huongezeka mezani. Mteja akitoa, hali hugeuka.

Muamala wenyewe ulikuwa na utaratibu wake. Mteja alitaja kiasi na kuonyesha kitambulisho. Wakala aliandika kwenye daftari la mistari tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na kiasi, na mteja akatia sahihi au dole gumba. Kisha wote wawili walisubiri ujumbe wa kuthibitisha. Mtandao ukiwa dhaifu, waliendelea kusubiri, mmoja akihofia kwamba pesa imepotea, mwingine akihofia kutoa noti kabla muamala haujakamilika.

Ugumu mkubwa wa vijijini ni kwamba pesa nyingi huingia kutoka mijini na hutolewa zote. Wakala wa kijijini hulipa zaidi kuliko anavyopokea, kwa hiyo noti humwishia huku floti ikijaa kwenye simu. Ili apate noti tena lazima aende kwenye benki au kwa wakala mkubwa mjini. Kwa kijiji kinachotegemea treni au barabara isiyopitika masika, hilo linaweza kuchukua siku. Ndiyo maana jibu la "hela hamna, rudi kesho" lilikuwa sehemu ya uzoefu wa watumiaji wa mwanzo. Baadhi walizoea kumpigia wakala kwanza, wamwekee oda ya noti, ndipo watoke nyumbani. Wapo pia waliogawanya kiasi wanachohitaji kwa mawakala wawili au watatu.

Watumiaji walivyoifanya huduma kuwa yao

Desturi nyingi za pesa ya simu hazikutoka kwenye vipeperushi vya kampuni. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya kuongeza "ya kutolea". Kwa kuwa makato ya kutoa humwangukia mpokeaji, mtumaji mwenye adabu huongeza kiasi hicho juu ya kile alichoahidi. Aliyeombwa shilingi 20,000 na mama yake akituma 20,000 kamili, mama atapata pungufu, na ataona kwamba mwanawe hakufikiria. Maneno "nitumie na ya kutolea" yakawa ya kila siku.

Matumizi nayo yalipanuka. Watu waligundua kwamba simu yafaa kutunzia pesa kwa muda mfupi, na pia kuisafirisha. Mfanyabiashara anayekwenda kununua mpunga huweka pesa Dar es Salaam na kuitoa Ifakara, ili asipande basi na kitita mfukoni. Utafiti wa wanauchumi Nicholas Economides na Przemyslaw Jeziorski, uliochapishwa mwaka 2017 kutokana na takwimu za miamala ya Tanzania, ulionyesha kwamba watu huwa tayari kulipia makato ili tu wasitembee na fedha taslimu, hata kwa safari fupi.

Mchango mkubwa zaidi umekuwa wakati wa shida. Mwaka 2018 mwanauchumi Emma Riley alichapisha utafiti uliolinganisha kaya za Tanzania zilizokumbwa na mvua isiyo ya kawaida. Kaya zilizotumia pesa ya simu ziliweza kuendelea na matumizi yao ya kawaida kwa kuwa ndugu wa mbali waliwatumia msaada, lakini majirani wa kijiji hichohicho wasioitumia walipungukiwa. Kwa bonde lenye mafuriko na mazao yanayotegemea maji, matokeo hayo yanagusa mambo ya kila mwaka.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliiona nafasi hiyo mapema. Kuanzia mwaka 2009 ilitumia M-Pesa kutuma nauli kwa wanawake wenye fistula waliokuwa mikoani, ambao matibabu yao yalikuwa ya bure lakini hawakuwa na uwezo wa kufika. Kikwazo kilikuwa nauli ya basi, na simu ilikiondoa.

Kuenea, na gharama zake

Takwimu za utafiti wa FinScope zinaonyesha kasi iliyofuata. Mwaka 2009 Watanzania watu wazima waliotumia huduma za fedha za simu walikuwa asilimia 1.1 tu. Mwaka 2013 walifikia karibu asilimia 50. Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wake faida itokanayo na fedha za akaunti ya amana. Mitandao ikaanza kuunganishwa mwaka huohuo, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016, hivyo mtumaji akaacha kuhangaikia laini ya mpokeaji. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 iliipa huduma msingi wa kisheria uliokosekana mwanzoni.

Gharama, hata hivyo, zimebaki kuwa lalamiko la msingi. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo ya miamala juu ya makato ya kampuni, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Anayetuma kidogo kidogo, kama ilivyo kwa mkulima, ndiye anayeumizwa zaidi, kwa sababu makato ya kiasi kidogo huwa sehemu kubwa ya pesa yenyewe.

Utapeli nao ulikua pamoja na huduma. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi waliokuwa kweli wanadaiwa na mtu. Wengine hupigiwa simu na mtu anayedai ametuma kimakosa, au anayejifanya mhudumu wa kampuni na kuomba namba ya siri. Kinga ni zilezile walizojifunza waliotangulia: soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, angalia salio lako mwenyewe badala ya kuamini ujumbe, na usimtajie mtu namba ya siri, hata wakala. Namba za matapeli huripotiwa bila malipo kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040.

Hatua ya sasa ni kulipa dukani moja kwa moja kwa Lipa Namba, huku mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ukiunganisha benki na mitandao yote. Uzoefu wa bonde unaonyesha nini kitaamua mafanikio yake. Pesa ya simu ilishika pale ilipomwondolea mtu safari, na ilikwama pale mpokeaji alipohitaji noti na wakala akawa hana. Mkulima atakapoweza kununua mbolea, kulipa mashine ya kukoboa na kumlipa kibarua kwa salio lilelile alilolipata kwa kuuza mpunga, hatahitaji tena kutoa, wala kuombwa ya kutolea. Mpaka wafanyabiashara wadogo wa Ifakara na Mlimba wapokee malipo hayo bila makato ya kuwakatisha tamaa, noti itaendelea kutawala sokoni. Jukumu la kuyashusha makato hayo ni la kampuni za simu na serikali, kwa kuwa wananchi wa bonde wameshaonyesha kwamba huduma ikiwafaa, wanajua kuitumia.