Marekani: namna Denver ilivyoruhusu maji ya kunywa kuingia katika nafasi ya mafuriko

Jioni ya tarehe 16 mwezi wa sita 1965, mto South Platte uliingia katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, ukiwa umebeba miti, magari na vipande vya nyumba. Mvua yenyewe ilinyesha zaidi upande wa kusini, kuelekea Castle Rock na Palmer Lake. Katika sehemu fulani ilishuka karibu sentimetre 35 kwa saa chache tu. Kijito cha Plum Creek, ambacho siku ya kawaida mtu anakivuka kwa miguu bila kulowesha magoti, kilipitisha lita zaidi ya milioni 4 kila sekunde. Watu 21 walikufa katika jimbo hilo, na hasara ilipita dola milioni 500.

Aliyeona Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mwezi wa tano 2023, ama Uvira wakati Mulongwe ulipovunja nyumba mwezi wa nne 2020, hahitaji kuelezwa usiku kama huo ni kitu gani.

Denver ilijibu kwa kujenga barage. Kibali cha barage ya Chatfield kilikuwa kimetolewa tangu 1950, lakini ujenzi ulianza 1967 tu, nyuma ya mazishi. Mwaka wa 1975 ukuta wa udongo wa karibu kilometa nne ulikuwa umemalizika, pale ambapo South Platte na Plum Creek zinakutana, kusini-magharibi mwa mji.

Jambo la kuelewa ni hili: barage hiyo haikujengwa ili ijae. Barage zetu za Ruzizi zilijengwa kwa ajili ya umeme, na kazi yao inataka maji yapite. Chatfield ilijengwa kwa kusubiri maji mabaya. Chini kuna ziwa dogo la kudumu, lita miliari 33 hivi, ambapo watu wanavua samaki na kuendesha mitumbwi. Juu yake kuna nafasi tupu, kubwa mara nyingi kuliko ziwa lenyewe. Mafuriko yakija, nafasi hiyo inayapokea, kisha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao ndio wenye barage, wanayaachilia polepole ili mji usizame. Mvua ikiisha, nafasi inarudi kuwa tupu. Miaka inapita namna hiyo.

Na miaka ikipita bila mafuriko, watu wanaanza kuangalia utupu ule kwa jicho lingine.

Miji ya kusini ya Denver, kama Castle Rock na Highlands Ranch, ilikua haraka sana, na kwa muda mrefu wakaaji wake walikunywa hasa maji ya visima virefu. Maji yale ya chini ya ardhi ni ya zamani sana, na mvua hairudishi kile kinachovutwa. Kila mwaka maji yanashuka, na kuyavuta kunazidi kuwa ghali. Wakubwa wa miji hiyo walitaka maji ya mto, lakini maji ya mto yanahitaji mahali pa kuyaweka. Kujenga barage mpya katika Marekani ya leo ni vita ya miaka mingi. Chatfield ilikuwa tayari imesimama, na juu ya ziwa lake kulikuwa hewa tu.

Mwaka wa 1986 bunge la Marekani lilifungua mlango: sehemu ya nafasi ya mafuriko inaweza kugeuzwa akiba ya maji, mradi kazi ya kulinda mji isiharibike. Mpango uliotokea mwishoni ulikuwa wa kupandisha ziwa hadi metre 3 na sentimetre 66, na kuweka humo lita miliari 25 zaidi. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa kumi ya nafasi ya mafuriko. Wahandisi wa jeshi walipiga hesabu zao na kusema kwamba mji bado utalindwa. Kibali kilitoka 2014.

Hapo ndipo ugomvi ulipopamba moto. Chama cha wapenda ndege cha Denver kilipeleka wahandisi wa jeshi tribinali mwaka huo huo. Kilisema miti mikubwa ya kandokando itazama, na makao ya ndege na ya panya mmoja mdogo wa Colorado anayelindwa na sheria yataharibika. Msomaji anaweza kucheka habari ya panya. Lakini chama hicho kilikuwa na hoja nyingine, na mimi naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote: maji yenyewe yatatoka wapi?

Katika Colorado, haki ya maji ya mto inafuata umri. Aliyechota wa kwanza, hata kama ni mkulima wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, anapewa wa kwanza. Anayekuja leo anangoja wazee washibe. Haki nyingi za akiba mpya ya Chatfield ni za wageni katika mstari huo. Mwaka wa mvua nyingi watapata. Ukame ukikaza miaka kadhaa, nafasi waliyoilipia inaweza kubaki bila maji. Hata hesabu za serikali hazikuahidi tone la hakika kwa wakati wa ukame mkali. Wenye mpango walijibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya akiba: kushika maji ya mwaka mzuri. Tribinali ilikubali upande wa jeshi mwaka wa 2017, na rufaa ikaanguka 2018.

Swali la nafasi tupu haliko Denver peke yake. Brisbane, Australia, ilijenga barage ya Wivenhoe nyuma ya mafuriko ya 1974, na barage hiyo moja inafanya kazi zote mbili: maji ya kunywa chini, nafasi ya mafuriko juu. Mafuriko ya mwezi wa kwanza 2011 yaliuzamisha mji hata hivyo. Mwezi uliofuata wakubwa waliamua kumwaga robo ya maji ya kunywa ili kuongeza nafasi. Mji huo ulikuwa umetoka katika ukame mkubwa miaka michache tu mbele ya hapo. Brisbane ilisogeza mstari kuelekea chini, Denver ikausogeza kuelekea juu, na kila mmoja alikuwa na hofu yake ya karibu.

Chatfield iligharimu karibu dola milioni 171, na feza hizo hazikutoka katika mfuko wa jeshi. Walilipa wale wanaotaka maji, wengi kwa mikopo ya jimbo. Baadhi ya waliokuwa katika mpango walijitoa njiani. Feza nyingi hazikwenda hata kwa ukuta, kwa maana ukuta ulikuwapo. Zilikwenda kwa kuhamisha barabara, maegesho na fukwe za hifadhi ambayo inapokea watu zaidi ya milioni moja kila mwaka, kukata miti ambayo ingeoza ndani ya maji, na kutengeneza upya kingo za Plum Creek kwa ajili ya ndege na yule panya.

Maji ya kwanza ya akiba mpya yaliingia 2020. Tangu sheria ya 1986 ilikuwa imepita miaka 34. Mtoto aliyezaliwa Castle Rock mwaka huo alikuwa sasa mtu mzima anayelipa bili ya maji.

Katika Denver na mji jirani wa Aurora wanaishi pia familia za wakimbizi kutoka Kongo, na bonde la South Platte ni lao sasa kama la wengine. Miji imenunua nafasi ndani ya bwawa, lakini haikununua milango. Maji yakipita ule mstari mpya, anayeamua kufungua ama kufunga ni ofisi ya wahandisi wa jeshi iliyoko Omaha, jimbo la Nebraska, mbali kabisa na mto huo.