Mipira ya Namna Mbili katika Gari Moja

Mwanachama wetu mmoja wa upande wa Wete ametuletea barua. Mwanawe yuko Muscat, na huko amenunua gari la mbio, Corvette iliyokwisha tumika, gari la watu wawili lililo chini chini. Mipira ya nyuma imekwisha. Muuzaji amemwambia kijana kwamba mipira ya asili ya gari hilo ni ghali, basi atie nyuma miwili ya kawaida, na ya mbele aiache kama ilivyo. Kijana ameandika nyumbani kuomba msaada, na mzee, kabla hajatoa fedha za karafuu, anatuuliza: Je, mipira ya namna mbili katika gari moja ina dhara?

Pengine baadhi ya wasomaji watasema kwamba karatasi ya wakulima haina khabari na magari ya mbio. Lakini wengi wetu tuna pikapu za kuchukulia magunia, na mipira mitumba twainunua kila siku bila ya kuisoma ubavuni. Kwa hiyo twamjibu mzee wetu hapa, mbele ya wote.

Kwanza yafaa kujua mipira hiyo ya asili ni kitu gani. Mafundi huiita ranflati, yaani mipira inayoweza kwenda bila ya upepo. Katika mpira wa kawaida kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani. Mpira wenyewe ni kama gunia, na gunia lisilo na kitu halisimami. Upepo ukitoka, mbavu hukunjana, rimu huukanyaga mpira, na baada ya mwendo mfupi huwa umekatika vipande. Ranflati imetiwa mpira mgumu na mnene ndani ya mbavu zake, mpira unaostahimili moto. Upepo ukitoka, mbavu hizo hulishika gari juu. Walakini si kwa daima: kipimo cha kawaida ni kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Zaidi ya hapo joto huziharibu mbavu. Masafa hayo yazidi njia ya kutoka Wete mpaka Mkoani, lakini kutoka Muscat mpaka Nizwa ni zaidi ya kilomita 150, na aliyepata pancha mwanzo wa safari hiyo hafiki.

Corvette ilianza kuuzwa na mipira hii mwaka 1994, kwa mnunuzi aliyeitaka. Mwaka 1997 lilipotoka umbo jipya la gari hilo, lilikuja nayo kwa magurudumu yote manne, na spea ikaondolewa kabisa. Magurudumu ya mbele yalikuwa ya inchi 17 na ya nyuma inchi 18, hivyo hata spea moja isingelingana na yote. Kisha waliweka chombo cha kupima upepo na kumwonya dereva, nacho si pambo. Mbavu zile ni ngumu hata mtu aweza kuendesha na upepo umekwisha asijue, mpaka mpira uungue.

Sasa tuje kwenye swali. Mpira wenye mbavu ngumu hujibu upesi ukikata sukani. Mpira wa kawaida hujipinda kidogo kwanza, ndipo ujibu. Ukitia migumu mbele na milaini nyuma, kama alivyoshauriwa kijana, kichwa cha gari chaweza kugeuka kabla ya mkia kuwa tayari, na mkia ukataka kutoka nje ya kona. Corvette husukumwa na magurudumu ya nyuma, na ina nguvu nyingi. Dereva hataona kitu mjini akienda polepole. Ataona siku ngamia atakapokatiza barabara naye anakwenda mbio, akakata sukani ghafula. Hapo ndipo mkia huteleza, na kuurudisha si kazi ya kila mtu.

Kinyume chake, milaini mbele na migumu nyuma, gari huwa zito kugeuka na hupanuka katika kona. Hilo nalo si zuri, ijapokuwa dereva mgeni hulimudu zaidi, maana akipunguza mwendo gari humtii. Lililo baya kupita yote ni kutia mmoja mgumu kulia na mmoja mlaini kushoto katika ekseli moja. Gari laweza kuvuta upande ukishika breki, na kila shimo hulipokea kwa namna mbili.

Hatusemi kwamba gari litapinduka siku hiyo hiyo. Wako waliochanganya wakaenda salama miezi mingi, na mtu aliyepata pancha mbali na mji akatia mpira wa kawaida mmoja ili arudi nyumbani taratibu, hatumlaumu. Lakini kurudi nyumbani ni jambo moja, na kufanya ndiyo desturi ni jambo jingine.

Tena liko jambo ambalo muuzaji hakulisema, nasi twaliona ni kubwa kuliko la kona. Gari hili halina spea. Halina jeki. Mhandisi aliviondoa kwa kuwa aliamini mipira yote minne yaweza kwenda bila ya upepo. Ukitoa miwili umeivunja ahadi hiyo kwa nusu, na msumari hauchagui mpira. Kijana atasafiri usiku akidhani ana kinga, kumbe magurudumu mawili ya nyuma, yanayolisukuma gari, hayana kinga yo yote.

Watengenezaji wenyewe walipotaka gari jepesi zaidi, mwaka 2001, katika ile iitwayo Z06, waliitoa ranflati. Lakini waliitoa yote minne, wakatia ya kawaida yote minne, na ndani ya gari wakaweka pampu na dawa ya kuziba pancha. Hawakutoa miwili wakaacha miwili.

Na sisi wenye pikapu? Kwetu ranflati si nyingi, lakini mchanganyiko mwingine upo, nao ni wa hatari zaidi. Iko mipira ya zamani ambayo nyuzi zake za ndani hupishana mshazari, na iko ya radiali ambayo nyuzi hukata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Hii ya radiali Michelin waliiandikisha mwaka 1946. Tabia zao barabarani ni mbalimbali sana. Uingereza sheria yakataza kuchanganya namna hizo katika ekseli moja, na yakataza kutia radiali mbele na mshazari nyuma kwa gari la kawaida la magurudumu manne. Fikirini mteremko uliolowa wakati wa masika, na juu magunia ya karafuu na wachumaji waliokaa juu ya magunia.

Kuitambua si kazi. Tazama ubavuni: 195/65 R 15, herufi R ni radiali, 7.50-16, penye kistari, ni mshazari. Ranflati huwa na alama ya mtengenezaji wake: RFT kwa Bridgestone, ROF au EMT kwa Goodyear, ZP kwa Michelin, SSR kwa Continental. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni tarehe: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira wa mtumba wa ranflati uliokwisha endeshwa bila ya upepo msiununue hata ukionekana mpya, kwani ubovu wake uko ndani ya mbavu.

Basi jibu letu kwa mzee ni hili. Fedha za mipira miwili ya kawaida asizipeleke. Kijana akiweza, anunue ranflati miwili ya nyuma, ya kipimo kile kile na ya namna moja na ile ya mbele. Asipoweza, aiuze ile miwili ya mbele kama bado ni mizima, atie ya kawaida yote minne yenye vipimo vya gari lake, na anunue pampu ya umeme na dawa ya kuziba. Ajue pia kwamba dawa hiyo huziba tundu la msumari penye kashata tu. Ubavu ukichanika haisaidii, na itambidi aite gari la kumvuta.