Beta-bloka na presha ya mchimbaji wa Kolwezi

Mchimbaji anayepanda kutoka shimoni Kasulo, mtaa wa Kolwezi, na gunia la madini mgongoni anahitaji moyo wenye uwezo wa kwenda mbio. Adrenalini hugusa vipokezi vya beta moyoni, mapigo yakaongezeka. Beta-bloka kama atenololi, bisoprololi na propranololi huziba vipokezi hivyo: mapigo hupungua, presha hushuka. Lakini mchimbaji anayezimeza akirudi kazini, huchoka upesi. Na akiwa na pumu, vumbi na propranololi vikikutana humbana kifua vibaya.

Kwa hiyo siungi mkono mwenye presha peke yake, asiye na ugonjwa wa moyo, kuanzishiwa atenololi kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. James Black wa Scotland, aliyevumbua propranololi miaka ya 1960, alistahili kabisa Tuzo ya Nobel ya 1988. Hata hivyo, mwaka 2005 utafiti wa ASCOT wa Ulaya ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa kuanzia na amlodipini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu, walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 23 hivi kuliko walioanza na atenololi. Mwongozo wa WHO wa 2021 hauziweki beta-bloka kati ya dawa za kuanzia.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Beta-bloka hushusha presha kwa kiasi fulani kwa kupunguza renini, kemikali ya figo. Waafrika wengi wenye presha wana renini kidogo tayari, na miili yao hushikilia chumvi; ongeza hapo bukari na makayabu (samaki wa chumvi) yasiyolowekwa vya kutosha. Amlodipini, au dawa ya kukojoza chumvi kama hidroklorothiazidi, huwafaa zaidi. Utafiti wa CREOLE wa 2019, uliohusisha Kenya na Uganda, ulithibitisha ubora wa kuchanganya amlodipini na dawa ya pili.

Beta-bloka zina wagonjwa wao: aliyepata shambulio la moyo, mwenye moyo uliodhoofika, mwenye mapigo ya kasi yasiyo na mpangilio. Mjamzito mwenye presha hupewa labetaloli, mojawapo ya beta-bloka, ilhali enalaprili, dawa nyingine ya presha, humdhuru mtoto tumboni.

Anayetumia beta-bloka tayari asiziache ghafla, hata pesa ikiisha. Vipokezi vilivyozibwa muda mrefu huwa vimeongezeka. Kizuizi kikiondoka, mapigo na presha hupanda kwa kishindo, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Daktari hupunguza dozi taratibu, kwa kawaida wiki 1 hadi 2, huku dawa nyingine ikianza kazi.