Simu Mkononi mwa Mwalimu wa Kiingereza

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, Kiingereza sivyo. Herufi "ough" zina sauti moja katika "though", nyingine katika "through", na nyingine tena katika "cough". Vilevile, Kiswahili kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza kina nyingi zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi wetu hutamka "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo, kwa sauti ile ile. Ubao na kitabu haviwezi kumsahihisha, kwa kuwa havina sauti.

Jambo hili si dogo. Hapa Tanzania, masomo karibu yote ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyekielewa hupoteza pia Biolojia na Historia.

Hapo ndipo simu ya mwalimu inapofaa, endapo ataitumia kwa mpango. Kwanza, aamue kile anachotaka wanafunzi wajifunze siku hiyo. Kifaa kifuate lengo. Pili, apakue mapema sauti atakazohitaji, wala asitegemee bando wakati wa kipindi. Tatu, amrekodi mwanafunzi akisoma, kisha wasikilize pamoja na kulinganisha na matamshi ya kamusi ya mtandaoni. Mtoto hulitambua kosa lake akijisikia mwenyewe. Baada ya somo, mwalimu azifute rekodi hizo, asizisambaze kwenye makundi ya WhatsApp, kwa maana sauti ya mtoto ni amana.

Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 kuhusu stadi za TEHAMA kwa walimu unataja vipengele sita vya kazi ya ualimu. Kutumia vifaa ni kimoja tu. Vingine ni pamoja na mtaala, mbinu za kufundishia na mwalimu kuendelea kujifunza. Kwa hiyo, kujua kubonyeza hakutoshi.

Tahadhari hiyo inahusu pia akili mnemba. Hati "Antiqua et Nova", iliyotolewa na Vatican Januari 2025, inaonya juu ya programu zinazotoa majibu tayari badala ya kumwongoza mwanafunzi ayafikie mwenyewe. Insha iliyoandikwa na mashine inaweza kuonekana haina makosa, lakini mwalimu hawezi kujua nini cha kumfundisha aliyeileta.

Wazazi, mkimwona mwalimu ameshika simu darasani, msiharakishe kumlaumu. Mwulizeni mtoto leo amejifunza nini.