Taa za nyuma za tuktuk zina lugha yake

Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, miji yetu ya pwani huwa haina usiku. Kina mama hutoka kwenda kuzuru jamaa, vijana huelekea barazani, na wenye maduka ya nguo hukesha wakingojea wanunuzi wa Idd. Watu hao wote, watokao Mji wa Kale kwenda Majengo, au Kongowea kwenda Kisauni, wengi wao hupakiwa na tuktuk. Chombo hiki tumekizoea hata tumesahau kuwa ni mgeni. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilikitoa cha mfano wake mwaka 1948, ikakiita Ape, yaani nyuki, miaka miwili baada ya kutoa pikipiki yake ya Vespa, yaani nyigu. Na ama kwa hakika ukikitazama vizuri utaona kuwa ni pikipiki iliyoongezwa gurudumu la tatu na kujengewa kibanda: usukani wake ni wa pikipiki, na sauti yake ni ya nyuki yule yule.

Watu wa pwani hawakukipokea kikiwa uchi. Sisi ni watu wa kupamba. Mlango tutautia nakshi, ukuta tutauchonga vidaka, na jahazi la Lamu tutalitia macho mawili kwenye omo ili lione njia. Basi tuktuk nayo ilitiwa mapazia, ikawekwa maua ya plastiki juu ya kioo, ikaandikwa nyuma maneno kama yale ya leso. Moja imeandikwa "Mashallah", ya pili "Hasidi hana sababu", ya tatu ina jina la mtoto wa kwanza wa mwenye chombo. Abiria anayengoja kando ya barabara huzitambua tuktuk kwa maneno hayo kuliko kwa nambari zake.

Siku hizi pambo linalopendwa zaidi ni taa. Vijana wanazitoa globu za zamani katika taa za nyuma na kutia taa za LED, zile zenye vijipunje vidogo vinavyowaka kwa ukali. Jambo hili mimi naliunga mkono. Lakini limeingiwa na mambo mengi ya ovyo, na kwa kuwa taa ya nyuma inahusu roho za watu, inafaa tulizungumze kwa urefu.

Kwanza tuieleze yenyewe. Globu ya zamani ni uzi mwembamba wa chuma uliofungiwa ndani ya chupa. Umeme ukipita, uzi hupata moto mpaka ukang'aa. Sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto, na kidogo tu ndicho kinachogeuka nuru. LED haina uzi. Ni kipande kidogo mno cha madini ambacho umeme ukikipitia hutoa nuru papo hapo, bila ya kuungua. Mmarekani Nick Holonyak, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, aliidhihirisha LED ya nuru nyekundu mwaka 1962. Nyekundu ndiyo iliyotangulia. Ya buluu, ambayo ndiyo mama wa LED nyeupe tunazoziona majumbani, ilichelewa mpaka miaka ya mwanzo ya 1990 ndipo ikawa na nguvu ya kufaa, na Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura aliyezaliwa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014.

Faida zake kwa mwenye tuktuk ni za kweli. Globu ya breki iliyoenea ni ya wati 21, na tuktuk ina mbili, kwa hivyo kila dereva akikanyaga breki, betri yake ndogo inadaiwa wati 42. LED hutosheka na wati chache tu. Tena, uzi wa globu hukatika kwa mitikisiko, na barabara zetu za mitaani mashimo yake kila dereva anayajua kwa majina. LED haina uzi wa kukatika. Lakini faida kubwa kuliko zote ni ile isiyosemwa sana madukani, nayo ni upesi. Globu ikipewa umeme huchukua kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya kuwaka barabara. LED huwaka mara moja. Msomaji atasema, sehemu mbili za kumi za sekunde ni kitu gani? Matatu inayokuja nyuma kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 4 katika muda huo. Mita 4 ni zaidi ya urefu wa tuktuk yenyewe.

Sasa tuingie katika lugha ya taa. Wazee wetu wa baharini wanaijua lugha hii vizuri. Chombo kikisafiri usiku huwa na taa nyekundu ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia, na nyeupe kwenye tezi. Nahodha akiona nyekundu gizani hujua chombo kile kinampa ubavu gani, na hivyo kinaelekea wapi, hata kama hajaona tanga wala ubao. Barabarani ni vivyo hivyo. Nyeupe ni mbele, nyekundu ni nyuma, na rangi ya chungwa inayopepesa ni ya mwenye kugeuka. Kila mmoja akijitilia rangi aipendayo, taa zitakuwa nyingi lakini hazitasema neno.

Na tuktuk ina neno lake la pekee la kusema, kwa sababu ya yale magurudumu matatu. Mbele ni nyembamba, nyuma ni pana. Taa mbili nyekundu zilizo pembeni kabisa ndizo zinazomwambia anayekuja nyuma kuwa mbele yake mna chombo cha upana kadha. Ikizimika moja, habari hiyo inageuka kuwa uongo. Chukua mfano wa barabara ya Malindi nje ya mji, mahali pasipo taa za barabarani. Tuktuk inakwenda polepole, taa yake ya kulia imekufa, ya kushoto inawaka. Dereva wa lori anayekuja nyuma anaona taa moja nyekundu, naye anajiambia kuwa ile ni pikipiki, imejibana kushoto. Anapita bila ya kutoka sana. Kumbe upande wa kulia wa ile taa mna gurudumu zima, na ubavu wa kibanda, na abiria aliyekaa na mtoto mapajani. Ndiyo maana nasema taa ya nyuma ya tuktuk ikifa moja ni heri dereva aegeshe mpaka itengenezwe.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea katika kubadilisha. Anakwenda dukani kijana, anaona LED nyeupe inayochoma macho, anaichukua, anaitia nyuma ya kifuniko chekundu. Anatarajia nyekundu kali, anapata rangi ya waridi iliyofifia. Sababu ni kwamba kifuniko chekundu hakitengenezi rangi, kazi yake ni kuchuja. Nuru ya globu ya zamani imejaa nyekundu, kwa hivyo nyingi hupita. Nuru ya LED nyeupe imetokana na buluu, nyekundu yake ni haba, na kifuniko huizuia sehemu kubwa. Penye kifuniko chekundu itakiwayo ni LED nyekundu. Lakini angalia jambo moja: katika taa nyingine, globu hiyo hiyo ndiyo inayoimulika nambari ya gari kupitia kidirisha cheupe kilicho chini yake. Ukitia LED nyekundu, nambari nayo itamulikwa kwa nyekundu, na ya nambari inatakiwa iwe nyeupe. Basi itiwe taa ndogo nyeupe ya kwake peke yake.

Kosa la pili ni baya zaidi. Globu ya nyuma ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 ambao huwaka usiku kucha, na mmoja wa wati 21 ambao huwaka breki inapokanyagwa. Tofauti ya nyuzi hizo mbili ndiyo lugha yenyewe: ndogo inasema "nipo", kubwa inasema "nasimama". Ziko LED za bei rahisi ambazo ndogo yake na kubwa yake hazina tofauti ya kuonekana. Dereva anafurahi kwa kuwa taa yake inawaka sana, naye anayemfuata hana njia ya kujua kuwa amekanyaga breki. Afadhali ile globu yake ya zamani. Tena LED zenye punje nchani tu hutoa nuru kuelekea upande mmoja, zikaacha lile bakuli linalong'aa ndani ya taa likiwa giza, na taa nzima ikaonekana kama nukta. Zinazofaa ni zile zenye punje ubavuni pia.

Kuhusu taa za kugeukia, wengi watakuwa wameona tuktuk ambayo taa zake zinapepesa mbio mbio kama zina wazimu. Kifaa cha zamani kinachopepesa taa hizo hutegemea umeme unaovutwa na globu. LED ikivuta kidogo mno, kifaa hudhani globu imeungua, kikaharakisha, au kisipepese kabisa. Dawa ni kununua kifaa cha kupepesa kilichotengenezwa kwa ajili ya LED. Mafundi wengine hutia rezista ili kukidanganya kile cha zamani. Hiyo nayo hufanya kazi, lakini rezista hupata moto wa kuunguza kidole, na haifai kufungwa juu ya plastiki wala karibu na sponji ya kiti. Ifungwe kwenye chuma.

Kabla ya yote hayo, fundi mwenye akili huchukua msasa. Hewa yetu ina chumvi. Waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye bodi, huota kutu, na shaba ndani ya soketi hugeuka kijani. Taa nyingi zinazosemwa kuwa hazina nguvu hazina ugonjwa ila huo. Ukiusugua waya mpaka ukang'aa, ukaupaka grisi, globu ile ile ya jana itawaka kama mpya. Kifuniko kilichopaushwa na jua la miaka mingi nacho hubadilishwa, kwani hakuna LED itakayokirudishia wekundu wake. Anayetia LED juu ya kutu atarudi kwa fundi baada ya mvua ya kwanza ya masika.

Sasa hizi taa za buluu, na za zambarau, na zile zinazometa nyuma kwa mpigo kama radi. Najua zinapendeza macho, hasa usiku wa Idd, na vijana watasema mzee ameanza. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini anayekuja nyuma jicho lake hupumbazwa na kule kumeta, asijue tuktuk iko mbali kiasi gani, na taa ya breki ikapotea katikati ya nakshi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Tumezoea kufahamu kuwa udhia ni mwiba au jiwe, lakini nuru inayomtia mwenzio upofu ni udhia pia. Anayetaka mapambo na ayatie ndani ya kibanda, ambako abiria wake watayafurahia, nyuma apaachie nyekundu.

Liko swali la nani alipe. Madereva wengi si wenye vyombo. Humpelekea tajiri hesabu yake kila jioni, kinachobaki ndicho cha futari na karo. Dereva hununua mapambo kwa pesa yake kwa sababu yanamletea abiria, bali taa ya breki haimletei mtu, kwani abiria hawaioni. Kwa maoni yangu taa za nyuma ni juu ya tajiri, sawasawa na magurudumu. Baadhi ya matajiri wanafanya hivyo. Wengine husubiri mpaka askari wa barabarani aisimamishe tuktuk, hapo hulipa mara nyingi zaidi ya bei ya taa.

Kazi ikimalizika, isikubaliwe mchana mbele ya kibanda cha fundi, maana kila taa ikitazamwa karibu huonekana nzuri. Ingojewe magharibi ipite. Mtu mmoja arudi nyuma hatua hamsini, dereva awashe taa ndogo, kisha akanyage breki mara tatu bila ya kusema lini. Yule aliye mbali aitike kila aonapo. Halafu asogee kushoto na kulia atazame kutoka pembeni, na mwisho injini izimwe, kisha iwashwe tena na breki ikanyagwe huku indiketa inapepesa, kwa sababu waya mbovu wa ardhi hujificha mpaka taa zote zitakapodai umeme kwa wakati mmoja.