Kabla ya Kuhamia Dvorak, Pima K Yako

Andika neno "kupika" kwa kibodi ya Dvorak: herufi tano kati ya sita zinabonyezwa na kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kushoto. "Kuku" ni kidole hichohicho mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana kila anayetaka kuachana na QWERTY, mpangilio wa kawaida wa vitufe, namuuliza kwanza anachapa kwa lugha gani.

August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936 pamoja na shemeji yake, William Dealey. Walipima Kiingereza. Irabu zote tano wakaziweka mstari wa kati kushoto, na konsonanti zinazotumika zaidi wakazipeleka kulia, ili mikono ipokezane. Wazo hilo lingetufaa sana sisi, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu; jaribu "watoto" au "nanasi" uone. Kinachoharibu ni K. Kwa kuwa Kiingereza hakiihitaji mno, ilisukumwa mstari wa chini kushoto, kwenye kidole kilekile chenye U, I na P. Na sisi hatuandiki sentensi mbili bila "ku" au "ki".

Kwa anayeandika Kiswahili kutwa, napendekeza Colemak, mpangilio uliotolewa na Shai Coleman mwaka 2006. K iko kidole cha shahada cha kulia, huku U na I zikiwa na vidole vingine. Tena imehamisha vitufe 17 tu vya QWERTY, na Z, X, C na V zimebaki mahali pake, kwa hiyo njia za mkato za kunakili na kubandika hazibadiliki. A, herufi tunayoitumia kuliko zote, inabaki kidole cha mwisho cha kushoto katika mipangilio yote mitatu. Hapo hakuna nafuu.

Huhitaji kununua kibodi. Badilisha mpangilio kwenye kompyuta, ubandike mchoro wake kando ya skrini, na usivihamishe vitufe: ukizoea kuvitazama, vidole havijifunzi. Fanya mazoezi kidogo kila siku, kwa aya za gazeti la Kiswahili, kwa sababu programu nyingi za mazoezi hufundisha maneno ya Kiingereza. Mwanzoni utachapa polepole mno, basi usianze wiki yenye kazi za haraka. Na nenosiri likikataliwa unapowasha kompyuta, angalia kwanza: huenda skrini ya kuingilia bado inasoma QWERTY.